Komandi inakubali kwako, kwa wenzako "command not found": mwongozo kamili wa kunyoosha PATH ya kila yuza kwenye Linux

Siku 11 bakapu haikutoka na hakuna aliyejua. Niliandika skripti yangu safi kabisa, nikaiita `bakapu`, nikaijaribu kwa mkono ikatema faili, nikaiweka kwenye cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) ya akaunti ya `deploy` iwe inajiendesha saa nane usiku, nikaenda zangu. Siku ya 11 jamaa mmoja ofisini kafuta folda la mikataba, ananiambia "kaka rudisha la jana", naingia kwenye folda la bakapu nakuta faili moja tu, lile la siku niliyojaribu kwa mkono. Jasho. Kwenye logi kulikuwa na mstari huu, umejirudia kila usiku:

```
(CRON) info (No MTA installed, discarding output)
```

Yani cron ilikuwa inalalamika kila usiku ila haikuwa na pa kupeleka malalamiko kwa sababu sikuinstoli programu ya barua pepe, basi inayatupa. Nilipoyanasa kwenye faili nikakuta maneno haya:

```
/bin/sh: 1: bakapu: not found
```

Skripti ipo, kwangu inaitika, kwa cron haipo. Nikaanza kuchimba, na nikiwa nachimba nikagundua hiyo `bakapu` moja inakataa kwa Juma (dev wetu), inakataa ukiweka `sudo` (inayokupa mamlaka ya root, yuza mkuu wa mashine), inakataa kwenye cron, inakataa kwenye kile kitufe cha kwenye tovuti ya ndani, na kila mahali sababu ni yake. Mwongozo huu unafuata hiyo skripti moja kutoka akaunti hadi akaunti. Seva ilikuwa Ubuntu 22.04, ila pale Debian na CentOS zinapofanya tofauti nitasema.

Kwanza tuelewane PATH ni nini

PATH ni orodha ya mafolda yaliyotenganishwa na nukta pacha (:). Ukiandika `bakapu` bila kutaja ipo folda gani, sheli (programu inayopokea komandi zako, sisemi ile ya kuwekea mafuta) inapita folda moja moja kuanzia kushoto, ikiikuta tu inaishia hapo. Ni kama unamtuma mtoto sukari, umemwambia aanze kwa Mangi, akikosa aende kwa Mpemba, akikosa arudi. Hata kama sukari imejaa duka la nyuma ya nyumba atarudi mikono mitupu maana hukumtajia.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mimi sikukijua miaka mingi tu: PATH sio ya mashine. Hakuna PATH ya seva. Kila programu inayotembea ina PATH yake mwenyewe, imeirithi kwa programu iliyoizaa, na aliyeiandika mwanzo anategemea umeingia kwa mlango gani. Ukiingia kwa ssh (kulogini kwa mbali) kuna mwandishi wake, ukipitia `sudo` kuna mwandishi mwingine, cron ana yake, systemd (inayowasha huduma za mashine) ana yake. Ndo maana unaona mtu anaongeza mstari kwenye `.bashrc` mara sita na tatizo liko palepale, anaandika kwenye daftari la mtu ambaye hata hasomi hilo daftari.

Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni *huyu anayekataliwa, PATH yake kaandikiwa na nani?* Ukishajua hilo faili la kuediti linajitaja lenyewe.

Kabla hujagusa chochote

Fungua dirisha la pili la ssh, logini, liache wazi, usiliguse. Ukiharibu PATH kwenye la kwanza hili la pili bado lina PATH ya zamani na utajiokoa nalo. Kopi faili kabla ya kuliediti (`cp ~/.profile ~/.profile.zamani`), na ukimaliza kuediti usifunge dirisha hata moja mpaka umelogini upya kwenye dirisha la tatu ukaona mambo yanaenda. Nimewahi kuruka hii hatua mara moja tu maishani na ilinigharimu bodaboda usiku hadi ilipokuwa mashine.

Hatua ya 1: Pima ukiwa umevaa viatu vya anayelalamika

Kosa kubwa ni kupima kwenye akaunti yako. Kwako inafanya kazi, hilo tunajua. Ingia kama yeye:

```
sudo -iu juma
echo "$PATH" | tr ':' '\n'
type -a bakapu
```

Ile `tr` inapanga kila folda mstari wake, macho yanapumua, maana PATH ndefu ikiwa kwenye mstari mmoja huwezi kuona kosa hata kidogo. `type -a` inakuonyesha zote zenye jina hilo kwa mpangilio wa nani anatangulia, na inakuonyesha pia kama jina hilo ni aliasi (jina la mkato la komandi) au ni komandi ya ndani ya sheli yenyewe. `which` watu wanaipenda lakini yenyewe ni programu ya nje, haijui aliasi zako, kwa hiyo mimi siitumii kutafuta ugonjwa.

Kwa Juma majibu yalikuwa `-bash: type: bakapu: not found`. Kwangu yalikuwa `bakapu is /home/msimamizi/bin/bakapu`. Hapo nusu ya kesi ishaisha, skripti ilikuwa kwenye folda la nyumbani kwangu.

Hatua ya 2: Hakikisha kwanza ni PATH kweli

Kuna mtu angekurupuka hapo akaongeza `/home/msimamizi/bin` kwenye PATH ya Juma. Nilifanya hivyo. Ikagoma vilevile na maneno yaleyale, `command not found`, nikaona nimerogwa. Angalia hii:

```
namei -l /home/msimamizi/bin/bakapu
```

`namei` inatembea njia nzima folda kwa folda ikikuonyesha mwenye mali na ruhusa. Kwangu ilitoka hivi (nimepunguza):

```
drwxr-xr-x root      root      home
drwxr-x--- msimamizi msimamizi msimamizi
drwxrwxr-x msimamizi msimamizi bin
-rwxrwxr-x msimamizi msimamizi bakapu
```

Tazama mstari wa pili, zile alama tatu za mwisho ni vistari vitupu. Kuanzia Ubuntu 21.04 folda la nyumbani linaundwa na ruhusa 750, zamani lilikuwa 755, maana yake mtu baki hapiti getini. Juma akifika pale sheli yake haiwezi hata kuona kama ndani kuna kitu, kwa hiyo haisemi umekatazwa, inasema hamna. PATH yake ilikuwa sahihi kabisa, geti ndo limefungwa.

Usilifungue hilo geti kwa `chmod 755`, kuna funguo zako za ssh na takataka zako zingine humo. Kitu cha watu wote kinakaa mahali pa watu wote:

```
sudo install -m 755 -o root -g root ~/bin/bakapu /usr/local/bin/bakapu
rm ~/bin/bakapu
hash -r
```

`/usr/local/bin` ndo nyumba ya vitu ulivyoleta mwenyewe, meneja wa vifurushi haigusi, na karibu kila PATH ya yuza anayelogini inayo tayari. Ile `hash -r` usiiruke, bash (sheli ya kawaida kwenye Linux) huwa inakariri ilikoikuta komandi mara ya mwisho, usipoifutia kumbukumbu itakwambia `/home/msimamizi/bin/bakapu: No such file or directory` wakati wewe umeshahamisha, unaanza kujiuliza kama una wazimu.

Kwa kweli wengi wenu mnaosoma hapa shida yenu imeisha kwenye hatua hii. Hata bila kugusa PATH. Kuhamisha programu ni bora kuliko kunyoosha PATH za watu kumi, na mimi nikiwa na uchaguzi nahamisha.

Hatua ya 3: Yuza mmoja anayehitaji folda lake

Kuna wakati huwezi kuhamisha. Mfano Go (lugha ya programu) ukiinstoli kwa ule mtindo wa kawaida inakaa `/usr/local/go/bin`, folda ambalo haliko kwenye PATH ya mtu yeyote. Juma anaihitaji, wengine hapana. Hapo ndo unaingia kwenye faili za nyumbani kwake, na hapo ndo pana mkanganyiko wenyewe.

Bash ina hali mbili. Ukilogini kwa ssh, au kwa `su -`, au `sudo -i`, hiyo ni sheli ya kuingilia, inasoma `/etc/profile` halafu inatafuta nyumbani kwako `.bash_profile`, ikikosa `.bash_login`, ikikosa `.profile`, na inasoma ile ya kwanza tu inayoikuta. Ukifungua dirisha jipya la terminali kwenye desktopu, au ukiandika `bash` ndani ya bash, hiyo sio ya kuingilia, nyumbani kwako inasoma `.bashrc` peke yake.

Weka PATH kwenye `.profile`. Aliasi na rangi weka `.bashrc`. Watu wengi wanarundika vyote kwenye `.bashrc` na huwa inaonekana kufanya kazi, mpaka siku unatuma komandi kwa mbali kama `ssh juma@seva go version` inakataa, kwa sababu `.bashrc` ya Ubuntu juu kabisa ina mistari inayosema kama hakuna binadamu mbele ya kibodi rudi ulikotoka, na wewe mstari wako umeupachika chini kabisa haufikiwi (komandi ya mbali ya hivyo haisomi hata `.profile`, hapo taja njia nzima).

Mwisho wa `/home/juma/.profile` tukaweka hivi:

```
case ":$PATH:" in
  *:/usr/local/go/bin:*) ;;
  *) PATH="$PATH:/usr/local/go/bin" ;;
esac
export PATH
```

Huo mtindo wa `case` unaangalia kwanza kama folda limeshakuwemo, vinginevyo kila ukifungua sheli ndani ya sheli PATH inazidi kurefuka. Na ona nimeweka folda mwisho, sio mwanzo. Ukiweka mwanzo chochote kilichomo humo kinaipiku komandi ya mfumo yenye jina hilohilo, wakati mwingine ndo unachotaka (una toleo jipya la kitu), lakini iwe umeamua, sio imetokea.

Mtego mwingine uliomla Juma siku tatu: kuna programu aliinstoli ikamtengenezea `.bash_profile` kimyakimya yenye mstari mmoja. Kuanzia hapo `.profile` yake haisomwi tena, na yale mafolda ya `~/bin` na `~/.local/bin` ambayo `.profile` ya Ubuntu huongeza yenyewe yakapotea. Ukiona PATH ya mtu imepungua ghafla piga `ls -a ~juma` utafute hiyo faili. Dawa ni kufungua `.bash_profile` ukaweka ndani yake `. ~/.profile`, basi.

Na hilo la `~/.local/bin`, `.profile` inaliongeza *kama folda lipo wakati unalogini*. Mara ya kwanza `pip` inapokuwekea kitu humo folda ndo linazaliwa, kwa hiyo komandi haionekani mpaka utoke uingie tena. Kutoka kabisa, sio kufungua dirisha lingine.

Anayetumia zsh (sheli nyingine) haya yote hayamhusu, yeye ana `.zprofile` na `.zshrc`, bash yako haijui.

Halafu angalia sheli ya yuza ni ipi: `getent passwd juma`, sehemu ya mwisho ya mstari. Ukimuumba yuza kwa `useradd` bila kusema kitu, kwenye Debian na Ubuntu anapewa `/bin/sh` ambayo ni dash, na hata folda la nyumbani hapewi usipoweka `-m`. Dash haijui `.bashrc` wala `.bash_profile`. Mpe bash kwa `sudo usermod -s /bin/bash juma`. Ndo maana napenda `adduser`, inauliza maswali kama karani ila inakupa akaunti iliyokamilika. Na kama ulibadilisha `/etc/skel` ukitegemea mayuza wote wapate, hapana, skel inakopiwa siku akaunti inazaliwa tu, waliopo haiwagusi.

Hatua ya 4: Mayuza wote kwa mpigo

Mna vitu kwenye `/opt/zana/bin` na kila mtu anavihitaji? Tengeneza faili `/etc/profile.d/zana.sh`, uandike ule ule mtindo wa `case` hapo juu. Jina lazima liishie na `.sh` la sivyo halisomwi, na usiliite jina la kizungumkuti maana mwenzako atakuja kulitafuta.

Kuna pia `/etc/environment`, ambayo kwenye Ubuntu ndo PATH ya msingi inapokaa. Hii mimi naiogopa. Inaonekana kama skripti lakini sio skripti, inasomwa na PAM (mfumo wa Linux unaosimamia kulogini), `export` inaipuuza na haijui `$PATH`. Ukiandika

```
PATH="$PATH:/opt/zana/bin"
```

humo ndani, itachukua hayo maneno kama yalivyo, herufi kwa herufi, na kila atakayelogini baada ya hapo, na wewe ukiwemo, hana `ls` hana `nano` hana kitu. Ukilazimika kuiediti andika orodha nzima kwa urefu wake. Mimi natumia `profile.d` naiacha hii ilale.

Hatua ya 5: root, na kile kistari

Hii ni ya watu wa Debian. Kuanzia Debian 10 ya 2019 walibadilisha programu ya `su` wakachukua ya kifurushi kingine, na tabia ikabadilika: ukiandika `su` tupu unakuwa root lakini unabaki na PATH yako ya yuza wa kawaida. Na PATH ya yuza wa kawaida kwenye Debian haina mafolda ya `sbin`. Matokeo yake uko root, umejaa mamlaka, unaandika `usermod` unaambiwa haipo, `fdisk` haipo, `adduser` haipo. Watu walirudisha mashine nzima wakidhani imeinstoliwa vibaya.

Andika `su -`. Hicho kistari ndo kinasema niingize kama root kamili, na PATH yake. Kama mna mazoea ya `su` tupu na hamwezi kuacha, weka `ALWAYS_SET_PATH yes` kwenye `/etc/login.defs`. Ubuntu hamkuisikia hii shida kwa sababu `/etc/environment` yao inampa kila mtu `sbin`.

Hatua ya 6: sudo

`sudo` haibebi PATH yako. Inaitupa inaweka ya kwake, inaitwa `secure_path`, imeandikwa kwenye `/etc/sudoers`. Iangalie:

```
sudo grep -r secure_path /etc/sudoers /etc/sudoers.d
```

Ubuntu inayo `/usr/local/bin` kwa hiyo baada ya kuhamisha, `sudo bakapu` ikaitika. Ila kwenye CentOS 7 orodha ni `/sbin:/bin:/usr/sbin:/usr/bin` tu, na ndo chanzo cha ule wimbo wa `sudo: docker-compose: command not found` kwa kila mtu aliyeidaunlodi akaiweka `/usr/local/bin`.

Ukitaka mara moja tu, taja njia nzima, `sudo /usr/local/bin/docker-compose up`, au beba PATH yako kwa makusudi:

```
sudo env "PATH=$PATH" npm install -g kitu
```

Hii ya npm inawahusu mnaotumia nvm (kifaa cha kuinstoli Node, kiendeshaji cha JavaScript), Node yenu iko ndani ya `~/.nvm` nyumbani, sudo haiwezi kuijua. Ila kwa uaminifu, ukiwa na nvm huhitaji sudo kuinstoli kitu, ukijikuta unaiandika simama kidogo.

Ukitaka iwe ya kudumu, usiediti sudoers kwa nano. Tumia `visudo`, inakagua makosa kabla ya kusevu, maana sudoers ikiwa na kosa moja la kuandika sudo nzima inaweza kugoma na hapo kama root hana nywila umekwisha:

```
sudo visudo -f /etc/sudoers.d/njia
```

Andika ndani:

```
Defaults secure_path="/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin:/opt/zana/bin"
```

Jina la hilo faili lisiwe na nukta. Ukiliita `njia.conf` sudo inaliruka bila kusema neno. Nimepoteza jioni nzima hapo.

Na folda lolote unaloingiza kwenye `secure_path` hakikisha root tu ndo anaweza kuandika ndani yake. Juma akiweza kuandika kwenye `/opt/zana/bin` anaweza kuweka humo faili lenye jina la komandi yoyote usiyonayo kwingine, anasubiri siku ukosee kuandika ukiwa na sudo.

Hatua ya 7: cron, mchawi wa siku 11

Cron ya yuza kwenye Debian na Ubuntu inaanza na `/usr/bin:/bin`. Mafolda mawili. Haisomi `.profile`, haisomi `.bashrc`, haisomi `profile.d`, hata umlilie. Hata baada ya kuhamishia skripti `/usr/local/bin` cron ya `deploy` bado ingesema haipo.

`sudo crontab -u deploy -e`, halafu juu kabisa kabla ya kazi yoyote:

```
PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
0 2 * * * bakapu >> /home/deploy/bakapu.log 2>&1
```

Hapa pia `$PATH` haifunguliwi, andika kamili. Wengine wanapenda kuandika `/usr/local/bin/bakapu` moja kwa moja, sawa, lakini kumbuka *ndani* ya skripti kama inaita `rclone` au kitu kingine cha nje ya yale mafolda mawili, itafia katikati, na kufia katikati ni kubaya zaidi maana faili la bakapu linaonekana lipo kumbe ni nusu. Weka mstari wa PATH. Na hiyo `>> ... 2>&1` ni ili malalamiko yawe na pa kwenda, ningekuwa nayo toka mwanzo nisingekuwa naandika haya.

Kujaribu bila kusubiri saa nane usiku, jifanye cron:

```
sudo -u deploy env -i HOME=/home/deploy PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c 'bakapu'
```

`env -i` inakuvua mazingira yote unabaki uchi kama cron. Ukipata `not found` hapo umeuona ugonjwa kwa macho, badilisha PATH kwenye hiyo hiyo komandi mpaka ikubali, ndo ukopi kwenye crontab.

Hatua ya 8: Akaunti zisizo na binadamu

Kile kitufe cha tovuti ya ndani kinaendeshwa na `www-data` (akaunti ya seva ya tovuti). Huyu halogini, sheli yake ni `nologin`, faili zote za nyumbani sahau. Usipime kwa `sudo -u www-data` pia, maana utakuwa unasoma PATH ya sudo sio yake. Muulize anayetembea mwenyewe:

```
pgrep -u www-data php-fpm
sudo cat /proc/1432/environ | tr '\0' '\n' | grep ^PATH
```

(1432 ilikuwa kwangu, weka namba ya kwako.) Hiyo inaonyesha mazingira ambayo prosesi ilianza nayo. Ila PHP-FPM (huduma inayoendesha kodi ya PHP) ina kituko chake, kwa kawaida inafuta mazingira yote kabla ya kuendesha kodi yako, kwa hiyo kilichopo hapo na kile skripti yako inapata vinaweza kutofautiana. Fungua `/etc/php/8.1/fpm/pool.d/www.conf`, tafuta mstari wa `;env[PATH]`, ondoa nukta mkato ya mwanzo, halafu ristati huduma:

```
env[PATH] = /usr/local/bin:/usr/bin:/bin
```

Huduma yako mwenyewe ya systemd unaitengeneza kwa `sudo systemctl edit jina.service`:

```
[Service]
Environment="PATH=/usr/local/go/bin:/usr/local/bin:/usr/bin:/bin"
```

Nayo haifungui `$PATH` (umeshaona mtindo, ni sheli peke yake inayofungua, wengine wote wanataka orodha kamili). Kisha `sudo systemctl restart jina`, prosesi ya zamani haibadiliki ikiwa inatembea.

Umeshaharibu? Tulia

Uliandika `export PATH=/opt/zana/bin` ukasahau `$PATH:` mbele, sasa `ls` haipo. Komandi za ndani ya sheli bado zipo: `cd`, `echo`, `pwd`, `export`. Ukitaka kuona mafaili bila `ls` andika `echo *`. Kujirudisha:

```
export PATH=/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
```

Hiyo ni ya dirisha hili tu, harakisha ukarekebishe faili lenyewe kwa `nano ~/.profile`. Kama desktopu inakurudisha kwenye ukurasa wa kulogini kila ukiweka nywila, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa maandishi. Kama ni seva ya mbali na `.profile` imeharibika kiasi kwamba inakutoa ukiingia tu:

```
ssh -t juma@seva '/bin/bash --noprofile --norc'
```

Na ukiwa unakagua PATH ya mtu tafuta nukta pacha mbili zimefuatana, au moja imeachwa mwanzoni au mwishoni. Hapo katikati pasipo na kitu Linux inapasoma kama "folda nililopo sasa hivi", sawa na mtu aliyeweka nukta kwenye PATH. Ukiwa root ukaingia `/tmp` ambako kila mtu anaandika, na kuna mtu kaacha faili humo kaliita `sl`, akisubiri vidole viteleze kwenye `ls`, umeendesha kodi yake kwa mamlaka yako.

Nilipomaliza yote nilipitisha hii:

```
for u in msimamizi juma deploy; do
  echo "$u: $(sudo -iu $u command -v bakapu)"
done
sudo sh -c 'command -v bakapu'
```

Mistari minne ikarudi na `/usr/local/bin/bakapu`. Asubuhi yake nikafungua folda la bakapu kabla hata ya chai, kulikuwa na faili la saa 8:00 usiku, ukubwa wake unaeleweka, nikalifungua nikahesabu mikataba iliyomo. Ile iliyofutwa tuliipata kwenye barua pepe za watu, mmoja mmoja.